Mguu Ulioombewa Ruhusa

Ninyi mnaosoma haya mkiwa mnaumwa, mimi ni Mama Klarisa, fundi wa cherehani hapa Rwezamenyo, mtaa wa Kigali. Nimekulia Ngara, Tanzania, nikarudi Kigali na mashine yangu ya kukanyaga. Ugonjwa haukuwahi kunilaza zaidi ya siku mbili.

Kisha pikipiki ikanigonga nikivuka barabara. Ugoko ulivunjika, ukafungwa plasta, ukaunga. Baada ya miezi miwili kikatoboka kidonda chini ya goti, kikaanza kutoa usaha wa njano unaonuka. Daktari wa mifupa wa hospitali kubwa akasema, "Mfupa umeoza ndani. Tutausafisha, kisha uje kila wiki. Ukikosa, tutakata."

Kila wiki! Mimi natibiwa kwa mituweli, bima yetu ya wananchi, nayo ina ngazi zake. Kwanza kituo cha afya wakupe karatasi ya transferi, yaani ya rufaa, halafu hospitali ya wilaya wakupe nyingine, ndipo hospitali kubwa. Karatasi ikiisha muda unaanza tena chini. Mabenchi matatu kwa kidonda kimoja. Mara mbili nilifika daktari wa mifupa ameshaondoka. Homa ikaanza. Nilichoka hata kulia sikuweza.

Muuguzi wa kituo cha afya akanionea huruma. "Mama, omba ruhusa ya mituweli upite moja kwa moja. Lakini daktari wa wilaya lazima aandike kama hali iko mbaya."

Basi nikaoga, nikajipaka marashi, nikavaa kitenge kipya. Kidonda nilikifunga bandeji tatu kisinuke mbele za watu.

"Amakuru, mama?" daktari wa wilaya akauliza habari zangu kwa Kinyarwanda.

"Ni meza, dogiteri. Nzuri kabisa."

"Maumivu iko?"

"Kidogo tu. Tunavumilia."

Ndivyo tulivyolelewa: mtu mzima hamwagi shida zake mbele ya mkubwa. Ombi likakataliwa. Daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mdogo wangu Esperansi aliisoma ile karatasi akafoka.

"Dada, ulienda kutibiwa ama ulienda kuposwa?"

Nilijichukia.

Tulirudi wawili. Safari hii kidonda kilikuwa na bandeji moja, nami nikaifungua kabla daktari hajanisalimu. Harufu ikajaa chumba.

"Dogiteri, hapana meza. Silali. Wajukuu wananikimbia kwa kunuka. Nisaidie, mguu huu usikatwe." Nikalia kwa sauti, mama mzima, mlango uko wazi.

Alivaa glavu, akakiangalia kidonda. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

Akaandika upya, ukurasa mzima.

Ruhusa ilitoka baada ya siku tisa. Kwa miezi sita niliingia hospitali kubwa moja kwa moja, nikapasuliwa mara mbili. Kidonda kimefunga. Goti halikunji vizuri, nachechemea, na uchovu haujaniacha mpaka leo. Lakini natembea.

Namshukuru Mungu, namshukuru muuguzi yule, na daktari aliyekubali kufuta maneno yake mwenyewe. Nanyi mkiitwa ndani, msijifunike. Semeni panapouma, semeni na panaponuka. Mimi ilibaki kidogo tu niuzike mguu wangu kwa adabu.