Mvua Katika Chumba cha Ukuta Mshazari

Chumba tulichokitenga kwa ajili ya kutazamia filamu, nyumbani kwetu Buyenzi, kina ukuta mmoja ulioenda mshazari kufuata mtaro wa nje. Mlango nao uko pale pale ambapo spika ya nyuma ilipaswa kukaa.

Mimi na mume wangu tulihangaika nacho Jumamosi nzima. Kila tulipoziweka zile spika za nyuma, sauti ilijazana kwenye pembe nyembamba na upande wa pili ukabaki bubu. Mwishowe tulihamishia runinga kwenye pembe hiyo, tukageuza makochi, na spika za nyuma tukazining'iniza darini, zikiinamia masikio ya anayeketi.

Nikamwita mama mkwe, aliyekuwa barazani akichambua mboga za lengalenga, aje akae katikati. Mume wangu akaweka filamu yenye mvua. Ilianzia mbele, matone machache tu, kisha ikapita juu yetu na kutua nyuma, juu ya bati ambalo halikuwepo. Mama mkwe akasimama.

"Nguo ziko inje," akasema, akatoka haraka.

Nilimwona uani ameshika shuka kavu, jua kali likimpiga, akiangalia mbingu isiyo na wingu. Hakuna aliyecheka. Alirudi taratibu, akaketi pale pale, akafumba macho.

"Irudishe," akamwambia mwanawe. "Na uiache inyeshe mupaka mwisho."

Mume wangu akairudisha mwanzo. Nami, niliyefunga nyaya za spika zile kwa mikono yangu, nikajikuta nakunja miguu isilowe.