Daftari la Joto la Leodgar

Leodgar alikuwa mtu asiyejua kusema uongo. Alipanga chumba uani kwangu Bangwe, kando ya ziwa, miaka sita, nikajaribu kumfundisha, nikashindwa. Ukimuuliza mchuzi ukoje, anasema chumvi imezidi. Ukimuuliza kama umezeeka, anakutazama kwanza, halafu anasema ndiyo. Alizaliwa Kidahwe, akajifunza udereva kwenye lori la mihogo, na mwaka ule wa tisini na saba, watu walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo hadi mitumbwi ikakosa pa kuegeshwa, akapata kazi kwenye shirika moja, ya kupeleka chanjo kambi ya wakimbizi.

Gari alilopewa ndilo lililotutia wazimu. Lilikuja kwa treni, jeupe, na juu ya redio lina kioo kidogo chenye namba. Asubuhi ya kwanza kilisema 24. Jirani yangu Mwinshehe, mvuvi, akasema hizo ni siku zilizobaki mpaka mshahara. Bibiana wa nyumba ya pili akasema huo ni umri wa dereva.

"Mimi nina thelathini na minne," Leodgar akasema.

"Basi gari linakubembeleza."

Mchana kioo kikasoma 34, na Bibiana akatutazama wote kama nabii. Ndipo Leodgar akatueleza kuwa hilo ni joto la nje. Hapo nikachanganyikiwa hasa. Joto la nje, halafu linasomewa ndani? Anayetaka kujua joto la nje si atoke?

Lakini namba ile ilikuwa ugali wake. Mkubwa wake, Daktari Winfrida, mwanamke wa sauti ndogo ambayo wanaume walisimama wakiisikia, alimpa daftari. Kila anaposimama aandike saa na joto la nje, ijulikane masanduku ya chanjo yamepita katika hali gani. Leodgar aliandika kama anayesali. Jumanne ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Baada ya hiyo ya nne akaitwa ofisini.

"Kidahwe, saa saba mchana, ishirini na mbili," Daktari akasoma. "Kambini, saa tisa, ishirini na moja. Leodgar, saa tisa kule mbuzi wanagombania kivuli. Uliandika umelala?"

"Niliandika nilichokiona, Daktari."

"Uliona baridi?"

"Niliona ishirini na moja. Mimi mwenyewe nilikuwa natoka jasho."

Daktari akafunga daftari. Akasema Jumanne ijayo atapanda mwenyewe, na kama namba zile ni za kubuni, Leodgar ataacha ufunguo mezani.

Jioni ile hakula. Nikamwambia, "Sema ulikosea kusoma, yaishe."

"Lakini sikukosea, Bibi."

Unamwona mtu huyo.

Sasa niseme habari ya migebuka, wale samaki wa ziwa letu, mapema, msije mkasema nilificha. Elida, binti wa marehemu dada yangu aliyeolewa Kalemie, ng'ambo kule Kongo, alikuwa kambini pamoja na watoto. Kila Jumanne nilimpelekea migebuka watano kutoka Katonga, wanakotua wavuvi, kila mmoja mrefu kama mkono wa askari. Shirika lilikataza mzigo wa mtu binafsi ndani ya gari, nasi ndani hatukuweka kitu. Tuliwafunga kwenye bampa la mbele, katika gunia lililoloweshwa maji, wapate upepo njiani, kama afanyavyo kila mwenye gari na akili huku kwetu. Leodgar alisoma ile sheria mara tatu kabla ya kukubali.

Jumanne ya ukaguzi akawakataa. "Leo hapana, Bibi. Leo hata nzi asipande."

Nikapanda mimi badala yao. Daktari alinikuta kiti cha nyuma nimeshajifunga mkanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naenda kumwona mtoto wangu, mgonjwa huko kambini."

Elida alikuwa mzima kama jiwe. Nikamfinya Leodgar begani kabla hajafungua kinywa, na Daktari akaniachia nafasi.

Njiani kioo kilisema 31, na jasho letu likakubaliana nacho. Daktari akaandika. Tukafika Kidahwe, kwenye kizuizi cha barabarani, askari akachukua karatasi zetu, akaanza kuzisoma polepole kama barua ya mchumba. Namba ikaanza kupanda. Thelathini na tatu. Thelathini na tano. Thelathini na nane. Nje hakuna kilichobadilika, jua ni lile lile. Nikadhani joto nalo ni mkimbizi, limezuiwa pale pamoja nasi.

"Jumanne iliyopita, hapa hapa, saa hii hii, uliandika ishirini na mbili," Daktari akasema.

"Ndiyo."

"Leo thelathini na nane. Na hukubuni?"

"Hapana."

"Tukirudi utaacha ufunguo, Leodgar."

Akaitikia kwa kichwa. Gari lilikuwa limesimama, lakini mikono yake ilikuwa bado imeshika usukani.

Mimi nimedanganya watu tangu meno ya utoto, najua uongo unavyonukia, na mle garini haukuwemo. Nikatafuta tofauti. Jumanne zile sikuwemo, leo nimo. Basi ni mimi ninayelitia gari homa? Nikashuka.

"Imeshuka?" nikauliza dirishani.

"Bado, Bibi."

Kumbe si mimi. Nikazunguka mpaka kwenye pua ya gari, pale linapokaa gunia. Nikapeleka mkono, nikakuta joto la jikoni. Hapo akili ikanigusa. Kando ya barabara wanawake walikuwa bombani. Nikawaamkia kwa Kiha, nikaomba ndoo, nikavua kanga ya juu, nikailoweka na kuichomeka pale pale chini ya bampa.

"Bibi, unafanya nini?" Daktari akauliza.

"Nalinywesha gari. Someni namba."

Sauti ya Leodgar ikatoka ndani. "Thelathini na saba." Kisha, "Thelathini na mbili." Nikaongeza maji. "Ishirini na sita. Ishirini na tatu."

Askari akaacha karatasi, akaja kuchungulia kioo, akajifuta jasho shingoni, akachungulia tena.

Daktari akashuka, akainama, akafunua kanga. Nyuma ya bampa palikuwa na kidude cheusi mfano wa punje ya harage, kinaning'inia kwenye waya. Akasema hicho ndicho kinachopima. Kikipoa, umeme unapita ndani yake kwa shida, kikipata joto unapita kwa wepesi, na gari linageuza shida hiyo kuwa namba. Nikamwambia hata magoti yangu yako hivyo hivyo. Akasema gari likienda, upepo unakipa joto la kweli, likisimama, moto wa injini na wa barabara unakirudia. Akaniangalia.

"Jumanne zile, hapa palikuwa na nini?"

Nilikuwa na majibu matatu mazuri, moja lina nyuki. Leodgar akaniwahi.

"Migebuka wa Bibi. Watano. Katika gunia lenye maji."

Daktari akakaa juu ya jiwe, akafungua daftari, akasoma kurasa zote za Jumanne nne. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Kwa hiyo," akasema alipoweza, "umeniletea kwa usahihi kabisa joto la samaki."

"Ndiyo, Daktari."

Masanduku yalikuwa na vipimajoto vyake ndani, na chanjo ilikuwa salama siku zote. Ufunguo ukabaki kwa Leodgar. Amri zikawa mbili: joto lisomwe gari likiwa linakwenda, na gunia lihamie nyuma, kwenye tairi la akiba. Usiku ule Leodgar alikula sahani mbili, akasema chumvi imezidi.

Mimi mpaka leo sijaelewa kwa nini joto wanalipima puani wakati watu hutokwa na jasho kwapani. Elida naye alilalamika kuwa samaki wa nyuma wanafika na vumbi hadi machoni. Nikamsihi Leodgar awarudishe mbele, Jumanne moja tu, Daktari amesafiri.

"Nitalazimika kuandika, Bibi."

Aliwafunga mbele, kisha akaandika: Kidahwe, saa saba, ishirini na mbili, samaki wapo.