Nywele za Mama Baada ya Matanga

Mwaka ule kila kitu kilikuwa ruksa. Maduka ya mjini Morogoro yalijaa sabuni za kunukia na makopo ya dawa ya nywele. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani tu, sina subira na mtu. Ndipo nikaona nywele za mama zinarudi nyuma. Hazikukatika. Paji la uso lilikuwa linapanda, na ngozi pale laini, inang'aa, utadhani hapajawahi kuota kitu. Nyusi nazo zikaisha. Kila asubuhi alizichora kwa wanja, akajifunga kanga mpaka karibu na macho, akaenda sokoni kuuza ndizi zake. Majirani wakasema ni dawa za saluni, na mama hajawahi kuzipaka hata siku moja.

Bibi mzaa mama akafariki, tukaenda kijijini Mkuyuni. Msibani mwanamke hapaki wanja, kwa hiyo mama akanawa. Tumekaa kwenye mkeka, kanga ikamteleza. Mama mkubwa, dada yake, akamkazia macho mbele ya ukoo mzima.

"Wewe mdogo wangu, umeshanyoa? Na mama hata hatujamzika?"

Kwetu wafiwa wananyolewa pamoja, siku ya kuondoa matanga, na mkubwa ndiye anayeanza. Ukitangulia, umemdharau marehemu. Mama akavuta kanga yake. Nilitaka kusema, akanifinya paja.

Siku ya kunyoa mama aliinamia wembe kama wenzake. Tunarudi mjini, nikashangaa amechangamka. Akaniambia zile mbovu zimeondoka zote, sasa zitaota mpya, sawasawa kichwa kizima. Nikamwamini, maana nilitaka iwe hivyo.

Miezi ikapita. Mama mkubwa akaja kututembelea, kichwa chake cheusi tayari, akatania kwamba wenye vipara sasa wamebaki wanaume tu. Kisha akamwona mama bila kanga. Nyuma zilikuwa zimeota, mbele peupe. Akamshika mkono, wakakaa hivyo.

Mimi ndiye niliyemkokota mama hospitali. Daktari, kijana tu, akampapasa, akasema ni ugonjwa unaowapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na chanzo chake hakijulikani vizuri. Unaacha kovu ndani ya ngozi, pale nywele zinapoota. Dawa huenda ikauzuia usiendelee. Nikamkatiza nikauliza zilizokwisha kutoka zitarudi lini. Mama akaninyamazisha, yeye mwenyewe akamuuliza daktari, taratibu.

"Hata nikinyoa tena, mwanangu?"

"Hata ukinyoa tena, mama. Pale hapaoti."

Akamshukuru, akafunga kanga, akaifungua, akaifunga upya.

Jioni akakaa chini kati ya magoti yangu, akanipa kitana.

"Anzia nyuma," akasema. "Ukifika zinapoishia, funga."

Nikasuka polepole kadiri nilivyoweza. Zikaisha upesi.