Hatua Ishirini Nyuma Yangu

Harufu ya majani makavu yanayofukizwa ndani ya chombo cha maziwa bado hunifanya niinamishe uso. Ndiyo iliyokuwa harufu ya nyogokuru, bibi yangu mzaa mama, aliyeteremka kwetu Gisenyi kutoka Bugeshi kila msimu wa viazi, nguo zikinuka moshi na maziwa, miguuni mabuti ya mpira. Mama aliuza vitenge karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani, nami nilikuwa na miaka kumi na maringo ya kuwatosha watu wazima watatu. Nyumbani nilimpenda nyogokuru. Barabarani nilimtangulia, nisionekane naye.

Msimu mmoja darasa letu lilipelekwa kuona mivumu, ile miti mikubwa ya kale iliyobaki palipokuwa na boma la mfalme, kisha tuteremke kwa miguu hadi makumbusho madogo ya jirani. Mama akaona afadhali nyogokuru naye aende, akajionee. Nilimwambia atembee nyuma, eti mwalimu hataki wazazi kwenye mstari. Uongo mtupu. Akakubali, akatufuata hatua kama ishirini, na njia nzima nilisikia mabuti yake yakiburuta kokoto huku nikijitia kucheka na wenzangu.

Makumbushoni, juu ya meza, palikuwa na chombo cha maziwa cha mti, kimefudikizwa, mdomo chini. Kwetu chombo hicho hufudikizwa nyumba ikifiwa. Siku nyingine zote husimama wima, kifuniko juu. Nyogokuru alipita katikati yetu bila kuuliza mtu, akakiinua kwa mikono miwili, akakigeuza, akakipangusa mdomo kwa upindo wa kitenge chake. Mlinzi akaja mbio.

"We mama, acha! Hapa banakataza kugusa!"

"Mulikigeuza sawa vile iko musiba," nyogokuru akasema polepole.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akageuka. "Donc, huyu mama iko na nani?"

Nyogokuru alinitazama moja kwa moja, bila wasiwasi wowote, akijua nitajibu.

"Mi simujui, mwalimu," nikasema, ingawa hakuniuliza mimi.

Mlinzi akamtoa nje. Tulipotoka tulimkuta kando ya barabara, lakini hakuniita. Alingoja mstari wote upite, ndipo akaanza kutembea, safari hii mbali zaidi, bila kuambiwa. Alikuwa ananisaidia kutomjua. Nyumbani alimwambia mama kwamba matembezi yalikuwa mazuri, na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza hadi tulipomzika.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu njia ile ile. Siku hizi ina lami, na kutoka mivumuni hadi makumbusho ni dakika chache tu. Nilipokuwa mtoto niliiona haina mwisho. Chombo kiko palepale, kimesimama wima, kifuniko juu. Mwanamke anayetembeza wageni akatuambia kwamba zamani kilikuwa kimefudikizwa, mpaka mlinzi alipouliza wazee, wakamwambia kwamba mama aliyefukuzwa kwa kukigeuza alikuwa na haki.

"Alikuwa mutu wa Bugeshi," akasema. "Jina lake hatulijui. We unamujua?"

Nikajibu mbele ya mwanangu:

"Ninamujua. Ni nyogokuru wangu."

Akaniomba jina, nikalitaja lote, akaliandika. Kisha, kama mjinga, nikageuka kutazama barabara. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akinifuata.