Ng'ombe Aliyesimama Pande Zote Mbili

Kazi yangu ni kukamata picha za uongo. Mtu akidai bima ya gari lililopondwa, mimi huivuta picha yake mpaka ionekane nukta kwa nukta, nikitafuta kivuli kilichoelekea kusikofaa au kipande kilichonakiliwa na kubandikwa. Siku hizi nashuku hata picha za ubatizo.

Ndiyo maana picha ya ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu wa kike ilipofika kutoka Kajiado, kwao mchumba wake, baba mdogo aliniletea simu yake hadi Kitengela kama anayeleta mgonjwa. Yeye ndiye msemaji wetu tangu baba afariki, na kwetu magharibi ng'ombe hukaguliwa kwa macho.

"Angalia hii nyeusi, iko na baka kwa uso," alisema. "Iko hapa mwanzo. Iko tena huku mwisho. Hawa watu wametuongezea ng'ombe na simu. Kama ni uongo, hakuna harusi."

Kweli, alikuwa ng'ombe yule yule, hata pengo la sikioni lilikuwa lile lile. Mdogo wangu alisimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Niliogopa. Nilimpenda shemeji yule, lakini kompyuta yangu haijui shemeji.

Niliomba picha asili, kwa kuwa ikishapita kwenye kundi la familia picha hubanwa na ushahidi hupotea. Vivuli vyote vililala upande mmoja. Chenga, zile punje ndogo za picha, zilikuwa sawa kote. Kisha nikaitazama miguu: kushoto ng'ombe ameinua wa mbele, kulia ameinua wa nyuma. Mwongo mvivu hahangaiki na miguu. Na picha yenyewe ilikuwa ndefu mno. Mzee mwenye boma alikuwa ameizungusha simu polepole ili zizi lote lienee, simu ikiunga vipande kuwa picha moja, naye ng'ombe mmoja mdadisi akapita nyuma ya wenzake, akatangulia kufika mwisho.

"Kwa hivyo ng'ombe ilikimbia ipigwe picha tena?" aliuliza baba mdogo.

"Ilitembea tu, baba. Simu ndiyo ilikuwa inaenda pole."

"Tutaona huko."

Tulipofika Kajiado, ng'ombe yule alitufuata kila tulikogeuka, mpaka baba mdogo akamfukuza kwa kofia. Makubaliano yalipokwisha, mzee mwenye boma akatupanga nusu duara, sisi kushoto, wao kulia, akaanza kuzungusha simu yake. Baba mdogo alipoona imeshampita, akakumbuka kwamba sinia la nyama liko upande wa pili.

Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwa mdogo wangu. Baba mdogo yuko kushoto, kati yetu, amenuna kidogo. Yuko tena kulia, kati ya wakwe, akitafuna ubavu. Wageni wakiuliza, mimi huwaambia nimeipima mwenyewe, na haina uongo.