Nazi Tatu za Mwalimu

Harufu ya chaki ndiyo iliyonimaliza. Mwanangu Mwanaidi aliingia jikoni na vumbi lake nyweleni, akaniambia mwalimu wa Kiingereza amewasimamisha wasichana watatu mbele ya darasa: mjinga, mjinga zaidi, mjinga kuliko wote. Yeye alikuwa wa tatu. Vituko vya mwalimu huyo nilikwisha kuvinyamazia mara mbili. Siku hiyo nilitupa mwiko.

Lakini chaki ile, wenzangu, ilinirudisha kwanza kijijini kwetu Baleni, utotoni mwangu, miaka ile Mjerumani ameondoka na Mwingereza ameingia. Tulisomea bandani, nazi za mbata zikikauka nje, harufu yake nzito tamu ikitulaza macho wazi. Mwalimu wetu alipanga nazi tatu mkekani: kubwa, kubwa zaidi, kubwa kuliko zote. Niliyaona maneno hayo kama ngazi ya kupandia mawinguni.

Nikaenda nayo kwenye sherehe ya arobaini ya mtoto wa jirani yetu, Bi Hidaya. Ubani ulifuka, wanawake watatu wamekaa, kila mmoja na kichanga chake mapajani. Nikanyoosha kidole kama mwalimu.

"Huyu mzuri, huyu mzuri zaidi, na huyu wa Bi Hidaya mzuri kuliko wote!"

Bi Hidaya akamfunika mwanawe kwa kanga.

"We mtoto, sema mashallah!" bibi yangu akaninong'oneza.

"Mwalimu hajatufundisha hilo, bibi."

Kesho yake mtoto akakataa ziwa. Bibi akanitawadhisha juu ya beseni, maji yale yakapelekwa akaoshwa mtoto, kumwondolea kijicho changu. Nikakaa kizingitini kwao, nikimwomba Mungu mtoto anyonye. Alasiri nikasikia anavuta ziwa, na Bi Hidaya akacheka: "Njoo umbebe, mchawi wangu mdogo."

Miaka mingi niliamini bibi alikuwa akimlinda yule mzuri kuliko wote. Wale mama wawili wengine, walivyoinama wakazitengeneza nguo za watoto wao zisizokuwa na kasoro, niliwaona bila kuwaona. Niliwaelewa usoni kwa Mwanaidi.

Ndipo nikamwandikia mwalimu mkuu:

"Shikamoo. Mimi, mama yake Mwanaidi, namshitaki mwalimu wako wa Kiingereza kwa kumfanya mwanangu kipimo cha ujinga. Nataka amsimamishe tena mbele ya wenziwe, amwombe radhi. Na akitaka vitu vya kulinganisha, nimempelekea nazi tatu. Mwanangu, ni nani aliyempa ampimie?"