Kiganja cha Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya yetu ya Kamunyonge si mtu wa maneno. Anafika kanisani kabla yetu, anapanga mabenchi mwenyewe, anavua saa na kuitia mfukoni, kisha anatupa sauti kwa kuguna, ya kwanza mpaka ya nne. Mkono wake wa kulia unapiga mapigo. Wa kushoto una kazi moja tu: unafunguka, kiganja chini, na kumkandamiza Matiko kutoka mbali. Matiko ni mfugaji wa Butiama, amezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na akiachiwa anameza besi nzima. Siku moja Tabitha wa sauti ya kwanza alisema mbele yetu wote, "Mwalimu, huyu mtoe tu. Anatuharibiaga." Mwalimu akaguna, tukaanza upya.

Mwezi uliopita tuliimba kwenye tamasha la kwaya kule Bunda. Katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza, spika zikafa, na sisi tukabaki kila mtu na ufunguo wake. Mimi nilishafunga mdomo. Nyuma ya ukumbi watu walianza kucheka. Mwalimu hakugeuka kuwatazama. Aligeuza mkono wa kushoto tu, kiganja kikaangalia juu.

"Matiko," akasema taratibu, "ita ng'ombe."

Matiko akaita. Tukaingia nyuma yake mmoja mmoja, Tabitha akiwa wa kwanza, mpaka mabati yakatetemeka na kicheko kikaisha. Umeme uliporudi, kiganja nacho kikarudi chini.